Mkanda Uliovuma Bila Upepo

Mimi na mikanda tunajuana. Miaka mingi nimefunga ndizi kwenye malori hapa Nyabiyonza, na mtu akitaka kunifundisha kukaza mkanda, nanuna. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi wa hospitali nilimsikiliza nusunusu. Mdogo wangu alikuwa amevunjika kifundo cha mguu kwenye mteremko wa kibanja, shamba letu la migomba. Mfupa ulishaunga, ila alikuwa anaogopa hata ngazi ya mlangoni. Niliumia kumwona anatambaa na ukuta kama kikongwe.

Mtaalamu alisema ajizoeze kusimama juu ya mkanda mpana, uliofungwa kati ya miti miwili, usizidi kimo cha goti. Magome yavalishwe gunia. Kikazio cha chuma kifungwe mpaka mwisho, na mtu asisimame usawa wake, maana kikifyatuka kinaua. Miti iwe mizima, igongwe kwanza isikilizwe. Hapo nilicheka kimoyomoyo. Nani anapiga hodi kwenye mti?

Nikachagua mti mmoja wa mgrevilea na mtoma wa marehemu baba, aina ya mkuyu, ule aliotundikia mizinga ya nyuki enzi zake. Mnene, watu wawili hawaukumbatii. Nikavalisha magunia ya kahawa, nikatandaza nyasi chini, nikakagua mkanda pindo kwa pindo, nikakaza. Kugonga sikugonga.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Nilimleta mdogo wangu, na shangazi alikuja kutazama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huo mkanda, nani yuko juu yake?"

Nikageuka. Katikati mkanda ulikuwa unabonyea taratibu, unainuka, unabonyea tena hatua moja mbele. Nikamwambia ni upepo. Majani ya migomba yalikuwa yametulia tuli. Nilimkasirikia kweli, kumtisha mgonjwa namna ile.

Mdogo wangu akaweka mguu mzima juu ya mkanda, mkono begani kwangu. "Kaka, usiniachie."

"Sikuachii."

Kwa mkono wa pili nikaushika mkanda kuutuliza. Ulikuwa unavuma. Mvumo ulitoka upande wa mtoma, ukapita kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nyuki, nikawaza. Halafu nikakumbuka: nyuki hukaa kwenye mti wenye uwazi ndani.

"Shuka."

"Si ndiyo kwanza..."

"Shuka, nimesema."

Nilimfokea mpaka akalia. Nikalegeza kikazio polepole, uso pembeni, kisha nikaugonga mtoma kwa mpini wa panga. Ukaitika kama ngoma.

Mchana ule ule mtoma ulianguka wenyewe, bila upepo, juu ya nyasi nilizotandaza. Nilikaa chini. Pale ndipo angekuwa amesimama.

Tulichungulia ndani ya shina, mimi na shangazi. Masega yalikuwemo, meusi, makavu, yamejaa utando wa buibui. Nyuki hakuwemo hata mmoja. Walihama zamani, baba akiwa hai.

Siku hizi mkanda uko kati ya migrevilea miwili ambayo nimeigonga pande zote, na mdogo wangu anatembea juu yake hatua sita, saba. Mara nyingi ananiuliza nilijuaje siku ile.

"Nyuki," namjibu. Shangazi anatazama chini.

Kisha anapanda, nami namshika mkono. Mkanda siugusi.