Uji wa Saa Nne

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Butembo, mwanangu, wakati wa vita. Nilikuwa msichana, nikichambua kahawa katika depo, yaani ghala, pamoja na wanawake wengi. Tulikaa kwenye meza ndefu, tukitoa punje nyeusi na vijiwe. Usiku risasi zilitunyima usingizi, na mchana vichwa vilituangukia juu ya kahawa.

Patroni wetu, mwenye depo, aliona kazi inaharibika. Alinunua sufuria kubwa, akaamuru kila siku saa nne asubuhi tupumzike na kunywa kikombe cha uji wa soya. Kila juma muuguzi alikuja kututazama macho na ulimi. Sharti lilikuwa moja: uji hunywewa hapo hapo, hautoki mlangoni.

Mimi sikuunywa. Nyumbani nilikuwa na watoto wa dada yangu, waliokimbia kutoka Mabalako. Dada mwenyewe hakufika. Nilipeleka kikombe mdomoni, na wenzangu walipokuwa wakicheka mambo yao, nilikimimina katika chupa ndani ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga kiunoni. Jioni watoto walinisubiri barabarani, wakitazama kiuno changu kabla ya uso. Nilijiona mama. Lakini bandu bandu huisha gogo.

Asubuhi ile niliinuka kuchukua kapu, meza ikazunguka, nikaanguka na kahawa yote ikamwagika. Ilikuwa siku ya muuguzi; alinivuta kope la chini, akasema sina damu.

"Aende kwao kwanza," patroni akasema. "Akipona, tutaona."

Tulijua maana ya "tutaona". Wasichana wengine walikuwa wakingoja kazi pale nje.

Mama Katungu, mkubwa wa meza yetu, akainama kunifunga kikwembe. Mkono wake ukagusa chupa. Hakupaza sauti.

"Kavira, hii ni nini?"

"Ni ya batoto ya dada, Mama. Bananingojea."

"Na weye ukikufa, nani ataibeba?"

Nilivuta kikwembe kuifunika chupa. Akanizuia mkono.

"Ile unabapatia si uji, mwali wangu. Ni weye mwenyewe. Utaisha, na njaa yabo itabakia."

Kisha akamgeukia patroni. "Huyu hana ugonjwa. Iko na njaa ya nyumba nzima. Uji uliyoleta ni ya mutu moja moja, lakini hakuna mutu anakuja hapa peke yake."

"Mama Katungu, siwezi kulisha mtaa muzima."

"Hatuombe mtaa. Umuache ku meza."

Patroni akaniacha mezani. Sufuria ya pili hakuileta. Siku hiyo nilikunywa kikombe changu mpaka chini, Mama Katungu akinitazama, machozi yakinitoka. Jioni nilirudi na chupa tupu. Mdogo wao aliitikisa, akaiweka sikioni, akanirudishia. Mpaka leo sijabeba mzigo mzito kama chupa ile.

Kesho yake Mama Katungu aliweka beseni karibu na jiko la depo. Kila mwanamke aliyekuwa na kitu kwake alitia konzi moja, ya mahindi, ya maharagwe, ya unga wa muhogo. Jioni, mwenye wakimbizi nyumbani alichukua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto wangu walikula, nami nikapata nguvu za kuwalea mpaka njia ya Mabalako ilipofunguka.

Mwanangu, nasikia kule kazini kwako Beni wanawapa saa ya kupumzika, na muuguzi wa kuwapima, nawe unasema hayo ni ya wavivu, wewe una watu wa kulisha. Ndiyo sababu nimekusimulia haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukipewa kikombe chako, kunywa, kwa maana nguvu zako ni chakula chao cha kesho. Na siku utakapokuwa mkubwa wa kazi, ukiona mtu anapungua, usimfukuze kabla hujauliza ni nani wanaomngoja barabarani.

Mungu akulindie mwili wako, mwanangu. Akupe meza ambayo, ukianguka, yupo wa kukufunga kikwembe.