Mama na Giaboksi ya Gia Tano

Miaka ile miwa ilipokuwa inalipa, niliingia duka la vipuri kuukuu mjini Kakamega nikamkuta mama aliyetoka Butali, kitambaa cha kanisani kichwani, akiuliza giaboksi ya gia tano.

Mwenye duka alichungulia nyuma ya mama. "Mzee yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana. Gari ndiyo iko."

Akatoa kikapuni kipande cha katoni chenye matundu ya bolti, yaliyotobolewa kwa msumari. Alikipima mwenyewe, amelala chini ya gari la marehemu, la zamani, la gia nne.

Mwenye duka alitabasamu, akamburutia giaboksi tatu. Mbili zilikataa katoni. Kwenye ya tatu, matundu yote yakalingana. Mama hakufurahi bado. Alizungusha shafti kwa mkono, akaingiza gia moja baada ya nyingine, ameinamisha sikio.

"Hii ni nzima," akasema.

"Nani alikufundisha, mama?" mwenye duka akauliza.

"Mzee alikuwa anatengenezanga, mimi nashikanga tochi. Tukienda Eldoret kwa binti yetu, injini ilikuwa inalianga sana. Akasema tutaweka gia ya tano. Hakuwahi."

Mimi nilikuwa na gari miaka sita na sikujua giaboksi imekaa upande gani. Nikauliza kwa upole ni nani atakayemwendesha mpaka Eldoret.

"Nitajiendesha mwenyewe," akajibu, akipangusa grisi kwa leso. "Gia nne nimeshajifunza. Imebaki hii moja."