Mazombi wa Mama Poda

Mama Poda alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwacha mtu na sura mbaya. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na hata bibi harusi aliyelia wiki nzima kwa kuozwa asikotaka, akipita mikononi mwake alitoka anang'aa kama aliyeposa yeye. Sasa mtu wa namna hiyo, shemeji yake anamwendea kumwomba amtengenezee mazombi! Shemeji huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa mpiga video za harusi mpaka asubuhi moja alipoamka akajiita mwongozaji wa filamu. Kundi la kwanza la mazombi lilitoka saluni na mashavu ya waridi, nyusi zimechongwa, midomo inameremeta. Fundi viatu, aliyepangiwa kutambaa utumbo ukiwa nje, alijitazama kiooni akakataa kunawa mpaka mkewe amwone.

"Shemeji," mwongozaji alilalama, "hawa wamefufuka au wanaolewa?"

Mama Poda hakubishana. Aliwakalisha tena, akawafuta, na safari hii hakuwaongezea kitu. Kumbe bila poda watu wa mtaa ule kazi walikuwa wameshaifanya wenyewe: macho yameingia ndani kwa kukesha wakivizia maji ya bomba, midomo imekauka, miguu inaburutwa. Alichobaki nacho ni kubandika tishu kwa gundi ya kope na kunyunyiza sharubati nyekundu. Shemeji alifurahi, akasema hajapata kuona waigizaji wenye kipaji namna ile.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Moshi wa makaburini ulitoka kwenye jiko la mkaa lililotiwa majani mabichi, na bunduki ya shujaa ilikuwa bomba la sinki lililopakwa rangi nyeusi. Chakula cha waigizaji kilitolewa na mheshimiwa diwani, na kwa wema huo alitaka jambo dogo tu, yeye ndiye awe shujaa. Mtaa mzima unageuka mazombi, yeye peke yake anabaki mzima na kuuhutubia. Watu walicheka chinichini wakasema hayo mbona wanayaishi kila siku, tofauti ni kwamba safari hii wanalishwa.

Mama Poda hakucheka. Ukutani kwa saluni yake palikuwa na alama kubwa nyekundu ya X. Vyumba vya upande ule vilitakiwa kubomolewa vipishe maegesho, katika mtaa ambao mwenye gari alikuwa hajazaliwa. Chumba kile kimoja, na kioo chake na kiti chake cha kuzunguka, ndicho kilichowasomesha watoto, maana mumewe alikuwa bingwa wa kuanza kazi kesho. Alikwenda ofisini kwa diwani mpaka katibu akamjua kwa mlio wa ndala. Jibu lilikuwa lile lile: mheshimiwa yuko kikaoni. Vikao gani hivyo visivyozaa hata choo cha soko!

Ndipo akili ikamcheza. Mtu aketi mbele yake, afumbe mdomo, asiwe na pa kukimbilia: hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku! Akamshawishi shemeji kwamba shujaa naye ang'atwe mwishoni, ageuke zombi. Diwani aligoma kabisa, mpaka alipoambiwa kwamba mtu akifa kwenye filamu kamera hukaa usoni pake muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Hapo akauliza kama anaweza kufa pole pole.

Siku ya kupiga picha za kifo hicho, mtaa mzima ulihamia kiwanjani asubuhi. Upepo ukaanza kupeperusha vumbi kwenye gundi, kwa hiyo Mama Poda akataka mheshimiwa aletwe saluni. Alikuja shingo upande, anatazama saa, anauliza kama haiwezekani kwingine. Mama Poda alimkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, akampaka gundi na kumbandika tishu kuanzia puani mpaka kidevuni.

"Usifungue mdomo mpaka ikauke, mheshimiwa. Ukifungua, uso unachanika, tunaanza upya."

Akaongeza tabaka la pili, Mungu amsamehe, halafu akafungua moyo. Alimweleza yote, kuanzia karo za watoto hadi katibu wake asiye na haya, na akamwomba aifute ile X. Diwani alihema, akajinyonganyonga, akaonyesha mlango kwa kidole, macho yamemtoka. Mama Poda alidhani maneno yamemwingia. Akambonyeza mabega arudi kitini, na alipoona chozi linamtoka mheshimiwa, naye akalengwalengwa. Mara ya kwanza mkubwa kumsikiliza!

Kisha nje kukanguruma tingatinga.

Kumbe ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kubomoa, na aliyeipanga alikuwa pale kitini. Chakula chote kile kilikuwa cha kuwatoa watu majumbani, ili kuta ziangushwe pasiwe na wa kulia mbele ya mashine.

Askari wa manispaa waliwatoa wote wawili mkukumkuku. Diwani aliwapungia mikono wasimame, akiguna "mmh, mmh" kwa midomo iliyogandana na gundi, wakamchapa kirungu cha makalio wakidhani ni mlevi. Mazombi nao walifika mbio kutoka kiwanjani, wakajipanga mbele ya ukuta, na shemeji nyuma yao na kamera, anamshukuru Mungu kwa tingatinga ambalo hakulikodi.

Mama Poda alimwendea mkuu wa askari, akamwambia yule aliyechapwa ndiye diwani. Mkuu alicheka sana. Mheshimiwa, alisema, hawezi kuonekana mtaa kama huu. Ila amri ni ya kwake, na akitokea akasema mwenyewe, kazi itasimama.

Mama Poda alichomoa chupa ya mafuta kwenye aproni, akaushika ule uso.

"Nikikufungua, neno la kwanza ni 'simamisheni'. Tumeelewana?"

Diwani aliitikia kwa kichwa mpaka shavu la tishu likadondoka. Mama Poda alisugua, huku askari wakiwaburuta mazombi pembeni na tingatinga likisogea. Midomo ikaachana.

"Mnajua mimi ni nani?" diwani alifoka.

Akaanza kuwatajia. Diwani wa kata. Mwenyekiti wa kamati ya mipango. Mlezi wa timu ya mpira. Askari walikakamaa mmoja mmoja, wakapiga saluti, na Mama Poda akamvuta mkono akimsihi aseme lile neno, lakini mwenyewe alikuwa ameshanogewa. Dereva hakusikia kitu kwa kelele za injini. Mheshimiwa alipofika kwenye mlezi wa wajane, ukuta ulilala chini, na kioo ukakichukua.

Vumbi lilipotulia, diwani alijigusa uso. Upande mmoja ulikuwa mtu, upande wa pili maiti. Akamgeukia Mama Poda, sauti ya chini, akamwambia ammalizie kumsafisha haraka, watu wanaangalia.

Mama Poda alikuwa analia wazi wazi, wala hakujificha. Akaifunga chupa ya mafuta.

"Saluni imefungwa, mheshimiwa."

Gari la diwani lilikuwa mbali, kiwanjani. Alivuka mtaa mzima kwa miguu na uso ule ule, na shemeji akamfuata na kamera mpaka mlangoni pa gari.