Waipa za Gari la Maiti

Mimi naendesha lori la maturubai na viti. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nayasema haya kwa wivu. Kwenye kila mazishi tunayohudumia, mimi natangulia. Nashusha viti, nasimamisha maturubai, nafokewa na jamaa wa marehemu kwamba viti vichache, kwamba hiki kimepinda mguu, kwamba pale kuna jua. Nikishamaliza kufokewa, ndipo linapoingia lile gari refu jeusi, polepole, linang'aa mpaka unajiona ndani yake, na watu wote wanasimama. Anayeliendesha tunamwita Bwana Usafi. Jina alilopewa na wazazi wake silijui, na kazini sijamsikia mtu akilitaja.

Usafi wa mtu huyu unachosha kuuangalia. Ana kitambaa cha bodi, kitambaa cha vioo, na cha tatu cha kupangusia hivyo vingine viwili, kwa jinsi ninavyomwelewa. Anafika kazini kabla ya mlinzi kuamka vizuri, anavua koti, anakunja mikono ya shati, anafungua kopo lake la nta na kulisugua gari kwa viduara vidogo vidogo kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Ukiligusa, anakuja nyuma yako na kitambaa bila kusema neno. Siku moja niliegemea boneti nikiwa nimetoka kupakia viti. Alinipangusa mimi kwanza, kisha akapangusa gari.

Basi mvua zilipoanza, gari hilo hilo likaanza kupiga kelele.

Zilikuwa ni waipa. Zikipanda zilitoa mlio mwembamba, kwiiiik, kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Zikishuka zilitetema juu ya kioo, du-du-du-du, kama mtu anayeburuta meza chumba cha juu. Kwenye lori langu isingekuwa kitu, maana lori langu lote ni kelele. Lakini ndani ya gari la maiti watu hawazungumzi. Kuna jeneza, kuna wafiwa wachache wamekaa wameinamisha vichwa, na hapo katikati ya ukimya, kwiiiik, du-du-du-du.

Siku tuliyomzika mwalimu mkuu mmoja mstaafu, ndani ya gari alikuwemo mjane na wadogo wawili wa marehemu. Walivumilia kwa muda. Kisha mmoja akakohoa kikohozi cha uongo. Mwenzake akajifunika uso na koti, mabega yakamtingishika, na mjane akadhani analia, akanyoosha mkono kumpa pole. Ndipo kicheko kikamponyoka. Walifika makaburini mjane hasemi na mashemeji zake, na wao hawathubutu kutazamana wasije wakaanza tena. Kaburi halijafukiwa bado, habari zilikuwa zimeshafika kwa Mama Bosi.

Mama Bosi ndiye mwenye kampuni. Ni mama wa sauti ya chini, na akishusha sauti zaidi ujue umekwisha. Alituita ofisini, mimi na Bwana Usafi.

"Watu wanakuja kwangu kutafuta heshima," akasema. "Vichekesho wanavyo kwao. Hiyo kelele ikisikika tena mbele ya wafiwa, wewe utabeba viti, na huyu ataendesha hilo gari."

Huyu ni mimi. Hakuniuliza. Na ningeulizwa ningesema hapana, kwa sababu mimi naogopa maiti, naogopa hasa, na kazi ya viti niliichagua kwa kuwa viti havifi. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nilimsaidia Bwana Usafi kwa wema wa moyo. Nilikuwa najitetea.

Tukaanza na mipira mipya ya waipa. Tulipoivalisha na kumwaga maji ilikaa kimya, tukapeana mikono. Asubuhi yake mvua ikanyesha, nayo ikalia kuliko ile ya zamani. Labda kwa kuwa mipya ilikuwa na pumzi zaidi, sijui. Tukampelekea fundi wetu. Fundi alizitazama waipa kwa muda mrefu, akasema mikono ya waipa imepinda, akaikunja na koleo kwa nguvu zake zote. Baada ya hapo zikawa zinaacha mstari wa maji usawa kabisa wa macho ya dereva, na kelele iko pale pale. Tukarudi. Akaikunjua. Akapaka grisi kwenye maungio, grisi ikashuka na maji, kioo chote kikawa ukungu, na mimi niliyekuwa nimekaa kando ya dereva nikapiga kelele kuliko waipa, maana mbele kulikuwa na mwenye baiskeli na hatukumwona.

Mara ya tatu fundi akafuta mikono yake akasema, "Sasa hiyo ni tabia ya gari. Mzoee tu."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kilichonikera zaidi ni kwamba tukiosha gari jioni kelele inapungua, tunakwenda nyumbani roho zimetulia, na asubuhi imerudi, kana kwamba kuna mtu anakuja kuirudisha. Nilifika mahali nikamshuku mlinzi.

Bwana Usafi hakulalamika. Ndivyo alivyo, mambo yake anayamezea. Ila alianza kukonda shingo, kola ikawa inamzunguka.

Kisha dada yake akafariki.

Alipigiwa simu hapo hapo uani, kitambaa mkononi. Sikuwahi kumwona huyo dada lakini nilimjua, kwa sababu Bwana Usafi, ambaye haongei, alikuwa akimwongelea yeye. Wazazi wao walikufa mapema, na dada, mwenyewe bado msichana, akaenda kufua mashuka hospitalini ili amlee mdogo wake. Kila asubuhi alimsugua uso kwa kona ya kanga, akamkagua masikio na kucha, akamwambia, "Mtu asikuone mchafu akasema huyu hana mama." Alimpeleka shule anang'aa. Huo usafi tuliokuwa tukimtania nao, basi, ulikotoka ndiko huko.

Aliweka simu mfukoni, akanigeukia. "Nataka kumpeleka mwenyewe," akasema.

Tukaenda kwa Mama Bosi. Alimpa pole ya kweli, akamshika mikono yote miwili, akamwambia gari ni lake kesho yake na hakuna mtu atakayelichukua. Lakini kuhusu kuendesha, akatikisa kichwa. "Kuna mvua hizi. Ndani watakuwa watoto wa marehemu. Unataka wamsindikize mama yao na kelele ile? Wewe kaa nyuma na wenzako, ulie kama watu wengine. Mwache huyu aendeshe."

"Mama," akasema Bwana Usafi, "nimewapeleka dada za watu wote."

Mama Bosi alichungulia mawingu dirishani. Mwisho akasema, "Basi inyamazishe kabla ya kesho. Ikinyamaza, utampeleka."

Mchana ule wote tulikuwa uani, karibu na bomba. Yeye ndani, mimi nje na ndoo. Namwaga maji kwenye kioo, anawasha waipa, kwiiiik. Nazikaza, namwaga, anawasha, du-du-du-du. Nazilegeza, namwaga. Viatu vilinilowa, mgongo uliniuma, na kila nikifumba macho nilijiona nimeshika ule usukani, jeneza liko kisogoni. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaitupa ile ndoo ikabiringika hadi ukutani, nikamwambia, "Kaka, nimeshindwa! Gari hili lina laana!"

Alishuka, akaenda kulichukua kopo lake la nta, akaanza kulisugua gari. Mtu mwingine angevuta sigara. Alisugua boneti, akasugua mlango, na alipofika kwenye kioo cha mbele hakuinua mkono. Akaendelea, viduara vidogo vidogo, kutoka kona hadi kona.

"Kaka," nikasema. "Unapaka nini hapo?"

"Nta. Kama kila siku."

"Hata kwenye kioo?"

"Kwani kioo si gari?"

Nikaiokota ndoo, nikajaza maji, nikamwaga. Maji hayakukaa. Yalijikusanya vitone vitone, yakakimbia pembeni kama kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Mpira wa waipa unahitaji maji ya kutelezea, na pale hapakuwa na maji, palikuwa na nta, unanata, unaachia, unanata, unaachia. Nikalitazama lile kopo. Lilikuwa jipya. Lile la zamani lilikuwa la bodi tu, limeadimika madukani, na hili la sasa lilikuwa limeandikwa kifunikoni kwamba linafaa kwa kila kitu. Bwana Usafi ni mtu wa kuamini maandishi. Alikuwa amekuja kila asubuhi, kabla ya sisi wote, akapaka kwenye kila kitu.

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga. Nikamweleza kinagaubaga. Alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sikuitarajia.

"Kwa hiyo unasema ni mimi," akasema.

"Nasema ni nta."

"Dada yangu apande gari ambalo sijaling'arisha? Siku yake?"

"Ling'arishe lote! Ng'arisha matairi, ng'arisha hata mimi ukitaka. Hicho kioo kimoja tu niachie."

"Kitafifia."

"Kifie mbali! Unataka king'ae, au unataka kumpeleka?"

Nilisema kwa ukali, nikajutia papo hapo, mtu amefiwa. Yeye akafunika kopo. Nikamletea kiti kutoka kwenye lori langu, akakaa akanipa mgongo, hakutaka kuona. Nikachemsha maji jikoni kwa mlinzi, nikatia sabuni ya vyombo, nikasugua kioo kile mpaka vidole vikaniwaka. Nikasuuza, nikasugua tena kwa siki, chumvi ya jasho ikiniingia machoni. Mipira ya waipa niliifuta na kufuta hadi kitambaa kikatoka cheupe. Kisha nikamwaga maji, na safari hii yalitandaa, yakashuka taratibu kioo kizima kama shuka.

Nikaingia ndani mwenyewe, nikawasha. Zikapanda, zikashuka. Hakuna kitu. Nikaziacha ziende na kurudi, nikasikia mpaka kuku wa jirani.

Bwana Usafi alikuja akasimama mbele ya gari. Alikitazama kioo, kikavu, hakina mng'ao hata kidogo. "Haya," akasema.

Kesho yake mvua haikutuhurumia, ilianza mapema na kushika kasi. Fundi alipewa lori langu la viti, akanung'unika, nikafurahi. Mimi Mama Bosi aliniweka kiti cha mbele kando ya dereva. Hakusema kwa nini, lakini nilijua, naye Bwana Usafi alijua. Nyuma walikaa binti wa marehemu na kaka zake, na jeneza la mama yao.

Tukaondoka. Waipa zilikwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikuzisikia. Nawaambia kweli, nilivimba kichwa. Nilisahau hata aliyelala nyuma yangu. Nikawa natazama kile kioo na kujisemea, kazi yangu hiyo.

Kwa sababu ya ukimya huo ndiyo nikasikia jambo jingine. Mwanzo nilidhani ni hitilafu mpya, hewa inavuja mahali. Haikuwa gari. Ilikuwa pumzi ya dereva, inaingia kwa vipande, inatoka kwa vipande. Gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, kisha likasimama katikati ya barabara, na magari yote ya msafara nyuma yetu yakasimama.

"Shika wewe, mdogo wangu," akasema. "Sioni."

"Huoni nini?" Nilifoka, Mungu anisamehe, mbele ya wafiwa. "Kioo kiko safi kabisa!"

Ndipo nikageuka nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola, na hakuyafuta, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani. Amewapeleka wafu wa mji mzima bila kupepesa jicho, na sasa amekwama na wa kwake.

Ningeweza kushika usukani. Ndiyo maana niliwekwa pale. Ningefunga safari ile vizuri tu, naye angekaa kando, angelia, watu wangemwelewa, na maisha yake yote angekumbuka kwamba dada yake alipelekwa na dereva wa viti. Nyuma binti akasema taratibu, "Mjomba, hatuna haraka."

Nikatoa leso yangu mfukoni. Nikampangusa jicho la kulia, kisha la kushoto, kama unavyompangusa mtoto, kwa nguvu kidogo.

"Leso chafu hiyo," akasema.

"Najua. Endesha."

Akaweka gia. Tukaenda hivyo mpaka makaburini, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, yeye akiendesha na mimi nikimpangusa.