Nyuki Aliyeitwa Mama

Nyuki wa kwanza tuliyempa jina alikuwa Afisa. Alifika kwenye alizeti zetu asubuhi jua likishakolea, akazunguka ua hili na lile bila kutua, akaondoka. "Huyu afisa," nilimwambia binti yangu, "kaja kusaini tu." Mtoto alikuwa na miaka sita, hakuelewa hata robo ya utani wenyewe, lakini aliniona nacheka naye akacheka mpaka akakaa chini.

Nafanya kazi masjala, katika ofisi moja ya serikali hapa Bariadi. Kazi yangu ni mafaili: kuyafungua, kuyapa majina, kuyatafuta yakipotea. Labda ndiyo maana siwezi kuona kitu kikapita bila kukibandika jina. Ofisini hakuna asiye na jina langu la utani, kuanzia mlinzi wa getini hadi bosi, na wote wanacheka, au ndivyo nilivyojidanganya. Mdomo wangu una kasi. Mama yangu mzazi alikuwa akiniambia ulimi hauna mfupa ila unavunja, nami namjibu, "Wa kwangu haujavunja mtu bado."

Basi bustani yetu, nyumbani mtaani Somanda, ikajaa watu. Si bustani ya kujivunia: mistari minne ya alizeti nyuma ya nyumba, maboga yaliyojiotea yenyewe, mbaazi kando ya ukuta. Lakini nyuki waliipenda. Yule mwenye chavua ya njano kwenye miguu tulimwita Bi Harusi. Aliyegombana na wenzake juu ya ua moja wakati maua yamejaa tukamwita Mpangaji. Mmoja alilala ndani ya ua la boga, tukamwita Likizo. Jumamosi na Jumapili asubuhi, mimi na mtoto tulitoka na chai zetu, tukasimama pale tukiwaita kama wanafunzi mstarini.

Mwaka ule mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi. Kwake ni upande wa Kiloleli, kule Busega. Macho yake yalianza kuingia ukungu mwaka ule ule binti yangu alipozaliwa, na kufikia wakati huo alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, tena macho yote mawili. Akiambiwa hivyo alikuwa anajibu, "Nimezaa saba nikalea, huyu wa nane kaja kukaa jichoni na hataki hata kutumwa maji." Madaktari wa macho walikuwa wanatarajiwa mjini kwa siku chache, na jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha. Nilimwandikisha mwenyewe. Hilo nalisema mapema ili nisionekane shetani moja kwa moja.

Hakuwa na hofu. Nataka hili lieleweke vizuri. Mtu mwingine wa umri wake angezunguka kwanza kwa waganga, yeye alisema wachokonoe tu, hata leo. "Sijawahi kuiona vizuri sura ya huyu mjukuu," aliniambia. "Naijua kwa vidole. Nataka niione kabla hajawa mke wa mtu." Akawa anahesabu siku kwa sauti, kila asubuhi, akiwa ameketi kwenye kigoda chini ya upenu na ungo wa karanga mapajani.

Na majina ya nyuki yalikuwa yake pia. Hakuwaona, ila aliwasikia. Alikuwa akiuliza, "Leo kaja nani?" na mtoto anamsomea: Afisa kaja, Bi Harusi kaja, Mpangaji anagombana. Mama mkwe anacheka kwa kifua chote, mabega yanatikisika, karanga zinamwagika. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuufurahia utani wangu kama mwanamke yule.

Sasa hapa lazima nieleze neno moja. Kwa Kisukuma, mama ni bibi. Mama aliyekuzaa ni mayu. Binti yangu, kwa kumfurahisha bibi yake, alikuwa anamwita hivyo hivyo kwa Kisukuma: bibi akawa mama, mimi nikawa mayu. Mimi nimekulia dukani hapa mjini, kwetu ni mchanganyiko wa makabila na lugha yetu ni Kiswahili, nami nilimwita mama kwa Kiswahili changu, kama mtu anavyomwita mkwe wake. Kwa hiyo nyumba nzima, kwa lugha zote mbili, mama alikuwa mmoja tu.

Jumamosi moja akaja nyuki mwingine. Lile dudu jeusi, nene, linalotoboa mbao za kenchi, sijui wataalamu wanamwita nani. Alikuja akivuma kwa sauti nzito, akajigonga ukutani, pu! Akarudi nyuma, akajigonga tena. Akaenda pole pole akifuata ukuta, akapita ua la boga bila kuliona, akagonga beseni la vyombo. Mtoto akaanza kucheka. Mama mkwe alikuwa ndani anavaa.

"Huyu tumwite nani, mayu?"

"Huyu," nikasema, "tumwite Mama."

"Mama gani?"

"Mama wa Kisukuma." Halafu, Mungu anisamehe, nikafumba macho, nikaweka mkono wa kushoto ukutani, nikatanguliza wa kulia na vidole vimetawanyika, nikatembea hatua tatu nikipapasa hewa. Nikagonga beseni kwa mguu kabisa, makusudi, ili lilie.

Mtoto alicheka akakosa pumzi. Nami nilijiona bingwa.

Ningeishia hapo labda ingekuwa dhambi ya siku moja. Sikuishia. Kwa zaidi ya wiki mtoto alikuwa akipaza sauti kutoka bustanini, "Mama kaja! Mama kajigonga!" na yule mzee, pale kwenye kigoda, anaitika: "Niko hapa, mjukuu wangu. Sijajigonga, nimekaa." Mtoto anacheka. Na mimi, mtu mzima mwenye cheti na ajira, nageukia sinki nikibana kicheko. Kila mara alipoitika nilijua natakiwa kusema kitu. Nilijifanya hamnazo.

Kwa watu wa kwao jina halitolewi hivi hivi. Mtoto huitwa kwa kilichotokea: mvua, njaa, safari. Mama mkwe mwenyewe aliitwa kwa jambo lililotokea siku aliyozaliwa, na alikuwa anapenda kulisimulia. Kwa hiyo ilikuwa lazima siku moja aulize. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, dirisha liko wazi, nikamsikia.

"Huyu nyuki mwenye jina langu, kaitwa hivyo kwa nini? Jina halikosi sababu."

Nilisimama na mwiko mkononi. Ningeweza kumwita mtoto ndani. Ningeweza kuangusha sufuria. Sikufanya lolote, nilitega sikio kama mwizi.

"Kwa sababu ni wewe," binti yangu akajibu, kwa furaha, maana aliona ni sifa. "Anatembea kama wewe. Mayu alifanya hivi."

Nikachungulia. Mtoto alikuwa amefumba macho na kunyoosha mkono, vidole vimetawanyika. Akakumbuka kwamba bibi haoni. Basi akaushika mkono wa bibi yake, akauweka usoni kwake apapase jinsi alivyofumba macho. Akauhamisha kwenye mkono wake ulionyooka, mpaka kwenye vidole. "Hivi," akasema. "Halafu akapiga beseni. Umeona, mama?"

"Nimeona," alisema yule mzee.

Alisema taratibu sana. Vidole vyake vilibaki juu ya vidole vya mtoto, vikivihesabu kimoja kimoja.

Nilitoka mbio, unga umenijaa mikononi. Na sasa sikilizeni nilichokifanya, maana ile ya kwanza ilikuwa upuuzi, hii ya pili nilifanya kwa akili timamu. Nilicheka. Nikasema, "Aa, mama, usimsikilize huyu! Mama ni mimi! Si kwa Kiswahili mama ndiye mzazi? Nilijiita mwenyewe, mimi ndiye ninayejigonga na mabeseni humu ndani!"

"Hapana, mayu," mtoto akasema. "Ulisema mama wa Kisukuma."

"Nyamaza! Muongo mkubwa wewe!"

Nilimwambia hivyo mtoto wangu, ambaye hakuwa amesema hata neno moja la uongo. Alinitazama, mdomo ukaanza kumtetemeka, akakimbilia ndani. Mama mkwe aligeuza uso kuelekea sauti yangu, ila aliukosea kidogo, akawa anatazama ukuta pembeni yangu.

"Kiswahili kigumu," alisema. Akarudi kwenye karanga zake.

Kesho yake hakuuliza nani kaja. Keshokutwa yake alimwambia mume wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi na lori kutoka Mwanza, kwamba anataka kwenda nyumbani. Zilikuwa zimebaki siku nne madaktari wafike.

Mume wangu alichanganyikiwa. Alimpigia dada yake mkubwa, wifi yangu akaja kutoka Kiloleli, tukakaa sebuleni wanne. Walimbembeleza. Wakamkaripia kidogo, kwa heshima. Wifi akamuuliza moja kwa moja, "Mayu, kuna mtu kakuudhi humu ndani?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, goti langu linagusa kitenge chake. Neno moja tu lilitakiwa, na lilitakiwa kutoka kwangu. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile ya ofisini, ya kupokelea wageni, ikisema, "Wifi, wazee ndivyo walivyo. Siku zikikaribia wanaogopa kisu."

Mume wangu akamgeukia mama yake. "Ni kweli, mayu? Unaogopa?"

Hakukawia kujibu. Aliweka mkono juu ya goti langu, akalipapasa kwanza ili ahakikishe ni la kwangu, kisha akasema, "Ni kweli. Naogopa kisu."

Wakamcheka kwa upendo, mama aliyezaa saba akalea, kumbe mwoga! Hata yeye alitabasamu. Asubuhi nilimfungia mzigo wake na mtoto akamsindikiza hadi barabarani akilia.

Madaktari walikuja, wakaondoka. Mwaka uliofuata walikuja tena. Mume wangu alimfuata hadi kijijini, akarudi peke yake. "Kasema anaogopa," aliniambia, akatupa funguo mezani kwa hasira. Ukoo mzima sasa unajua kwamba bibi anaogopa kisu, imekuwa hadithi ya kwenye harusi, watoto wanamtania nayo. Mwanamke ambaye hakuogopa chochote! Uoga nilimshonea mimi, akauvaa, na sasa hawezi kuuvua bila watu kuuliza, basi ile mara ya kwanza ilikuwa nini?

Nilikuja kulielewa hilo nikiwa masjala, natafuta faili la mtu. Nililia palepale katikati ya rafu, wenzangu wakadhani nimefiwa. Jumamosi yake nikapanda basi kwenda Kiloleli, peke yangu, bila kumwambia mume wangu ninafuata nini.

Nilimkuta ndani, kwenye kitanda cha kamba. Sasa hata mwanga haumsaidii sana. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, na kabla ujasiri haujaniisha nikasema yote. Nyuki, beseni, mkono ukutani, jinsi nilivyomwita mtoto muongo, kisu. Nikamwambia, "Nitamwambia mwanao leo leo. Nitawaita na mawifi wote niseme mbele yao. Halafu twende hospitali."

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Usimwambie. Yule mwanangu namjua, nimemzaa. Akijua ulimcheka mama yake, hutalala kwenye ile nyumba."

"Lakini macho, mama..."

"Macho nimeshazoea," alisema. "Mjukuu wangu akilelewa bila mama yake, hilo sitalizoea."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewa kati yetu, vidole vimetawanyika, akitafuta kikombe cha maji kilichokuwa pembeni ya goti langu. Nikamsogezea.