Mama Neema Amegoma Kulaani

Jamani, mwigizaji wangu amekataa kumlaani mwanawe, na mimi sina la kufanya.

Mnajua kikundi chetu kinarekodi tamthilia fupi za zamani, zile ambazo hakimiliki yake imeshaisha. Wote tunajitolea. Kila mtu anarekodi maneno yake kwake kwa simu, ananitumia, mimi naunganisha.

Mama Neema, mwalimu mstaafu wa kule Mkonze, anaigiza mama anayemlaani mwanawe. Ana sauti ambayo ukiisikia tu, unakaa vizuri kwenye kiti.

Leo kanitumia. Nikaenda moja kwa moja kwenye laana.

"Mwanangu, Mungu akutangulie kila uendako."

Na sauti ya mwana ninayo tangu juzi, analia kwa uchungu: "Mama, umenimaliza!"

Nikampigia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikamweleza taratibu kwamba ni igizo tu, huyo mtoto hayupo.

"Igizo ni lenu," akasema. "Mdomo ni wangu. Na nina watoto wanne."

Wewe ungejibu nini hapo?

Nikaona basi, nisome mwenyewe. Nikajifungia chumbani, nikawasha simu. Ni mistari miwili tu!

Nje nikamsikia binti yangu anacheka na paka.

Nimekaa mle nusu saa. Nilichorekodi ni kikohozi.

Kuna yeyote humu anayeweza kutusaidia kulaani? Asiwe na mtoto tu.

Maana yule mwana bado analia, na hakuna aliyemlaani.