Mvua Tuliyoiomba Gachoka

Kiangazi kile visima vilikauka, na kanisa letu la Gachoka likafunga kuomba mvua. Jioni tukitoka ibadani, mvua kubwa ikashuka. Nilikimbia kwa jirani yangu, mjane aliyeomba kwa bidii kuliko sisi sote. Ndengu alizoanika uani, mavuno yake yote, zilikuwa zinaelea kwenye matope.

"Pole, mama," nikamwambia.

"Pole ya nini? Si tuliomba?" akajibu, akicheka huku machozi yakimtoka.

Tukaziokota pamoja, tukiwa tumelowa chapachapa.

Jumapili mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda wa mvua. Nilisimama pale nisijue kama nimshukuru Mungu au nimuulize. Mwishowe nikasema, "Bwana asifiwe," nikarudi kuketi kando ya mjane, nikiwa bado sielewi.